Umepima kwa Pishi, Kompyuta Imehesabu kwa Kibaba

Swali:

"Asalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa umeme, chuo kiko Unguja na nyumbani ni Wete, ambako nipo kwa likizo. Kaka yangu aliyeko Muscat aliniletea bodi ndogo ya iCEstick, yenye chipu inayoweza kupangwa upya, ili nijifunze kubuni chipu. Nilichukua mfano wa saketi ya kutuma herufi, ulioandikwa kwa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kwa ajili ya bodi nyingine, nikabadilisha namba za pini na kuyaacha mengine yote kama yalivyo, pamoja na ile namba 434 ya kugawa saa. Katika Icarus Verilog, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, herufi A ilitoka vizuri kabisa, kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Kwenye bodi yenyewe kompyuta inaonyesha x, kisha alama isiyosomeka, na hivyo hivyo kila mara. Tena nimeandika itume kila sekunde moja, lakini inachukua kama sekunde nne. Nadhani kompyuta yangu ni nzito. Nilidhani pia kwamba kigeuzi cha USB kilichomo ndani ya bodi ni kibovu, kwa hiyo nikachukua waya kutoka mlango wa pini tisa wa kompyuta ya zamani ya baba mdogo, nikaugusisha kwenye pini moja ya bodi kwa sekunde chache, sikuona kitu, nikautoa. Rafiki yangu ananiambia programu huria hizi ni za kuchezea, na kwamba kuna duka Darajani linalouza programu kubwa ya kampuni, iliyovunjwa leseni, kwa shilingi laki moja na nusu. Je, niinunue? Bodi nimeiua? Na kweli mtu anaweza kubuni chipu akiwa Pemba, au ninajidanganya?"

Jibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Umeuliza mambo matatu, lakini nyuma ya yote naona hofu moja, kwamba kilichokosekana ni kitu cha kununuliwa, na kwamba kitu hicho hakifiki Wete. Niseme mapema ili usije ukampelekea muuzaji fedha zako kabla hujamaliza kusoma: usinunue programu ile. Kosa lako halimo ndani ya programu yoyote, wala halimo ndani ya kigeuzi cha USB, na wewe mwenyewe umeshaniandikia ushahidi wake mara tatu bila ya kujua: ile x, zile sekunde nne, na ile namba 434.

Tuanze na x, kwa sababu x si takataka. Takataka halisi hubadilika badilika. Kitu kinachojirudia vile vile kila mara ni jibu la hesabu fulani, na kazi yetu ni kuitafuta hesabu yenyewe.

Katika mawasiliano ya UART, yaani ya kutuma biti moja baada ya nyingine kwa waya mmoja kama ifanyavyo saketi yako, mstari ukiwa kimya hukaa juu, yaani kwenye volti 3.3 kwa bodi yako. Mtumaji akitaka kusema, huushusha mstari kwa muda wa biti moja, nayo ndiyo biti ya kuanzia. Kisha hutoa biti nane za herufi, ndogo kabisa ikitangulia. Halafu huurudisha mstari juu kwa biti ya kumalizia. Hakuna waya mwingine unaobeba mapigo ya saa. Mtumaji ana saa yake, mpokeaji ana yake, na kinachowaunganisha ni mapatano tu kwamba biti moja itadumu muda fulani. Kwa kasi ya biti 115,200 muda huo ni mikrosekunde 8.7 hivi.

Sasa angalia saa yako. Mfano ulioutumia uliandikwa kwa bodi yenye saa ya megahezi 50, kwa sababu 50,000,000 ukiigawa kwa 115,200 unapata 434. Lakini saa iliyobandikwa kwenye iCEstick, ile inayoingia kwenye chipu kupitia pini 21, ni ya megahezi 12. Mapigo 434 ya saa hiyo huchukua mikrosekunde 36.2. Kwa hiyo biti yako moja ni sawa na biti nne na kidogo za kompyuta, au kwa usahihi zaidi 4.17. Wazee wetu waliopima nafaka walijua kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Wewe umepima kwa pishi, na kompyuta inahesabu kwa kibaba, na kila mmoja kwa upande wake hana kosa la hesabu.

Herufi A ni namba 65. Ukiiandika kwa biti nane kuanzia ndogo, ni moja, kisha sifuri tano, kisha moja, kisha sifuri. Kompyuta ikiona mstari umeshuka huanza kuhesabu vibaba vyake, ikichungulia katikati ya kila kimoja. Mara tatu za kwanza inazochungulia baada ya biti ya kuanzia, wewe bado hujaimaliza hiyo hiyo biti ya kuanzia, kwa hiyo inaandika sifuri tatu. Mara nne zinazofuata inaikuta ile moja yako ya kwanza, ambayo ni pana kama pishi, na inaandika moja nne. Mara ya nane inakuta umeshaingia kwenye sifuri zako, inaandika sifuri. Jumlisha thamani za hizo moja nne: 8 na 16 na 32 na 64, unapata 120, na namba 120 ndiyo herufi x. Kisha inatafuta biti ya kumalizia, ambayo ilipaswa kuwa juu, inakuta mstari uko chini, na inaandika ndani kwa ndani kwamba kuna kosa la fremu, jambo ambalo programu nyingi za mawasiliano hazikuonyeshi.

Alama isiyosomeka nayo ina nasaba yake. Baada ya kosa lile, kompyuta inangoja mstari upande na ushuke tena (baadhi ya vipokezi hapo katikati huingiza na herufi tupu zisizoonekana, usizijali). Mstari unaposhuka kwa mara ya mwisho, kwenye biti yako ya nane ambayo ni sifuri, kompyuta inadhani hiyo ni herufi mpya, na inasoma sifuri tatu zikifuatwa na moja tano. Hiyo ni 248, namba ambayo katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa namba, haiwi herufi ikiwa peke yake, ndiyo maana kioo kinakuwekea alama ya kutoelewa. Nakiri kwamba nilipoifanya hesabu hii kwa kalamu na ikatoka x ile ile uliyoitaja, nilifurahi peke yangu kwenye kiti. Swali zuri ni lile ambalo muulizaji ameandika alichokiona, si alichokidhani.

Na zile sekunde nne? Kompyuta yako haihusiki nazo hata kidogo. Saketi inayohesabu mpaka 50,000,000 ili ijue kwamba sekunde moja imepita, ukiiendesha kwa saa ya megahezi 12, itahesabu sekunde yake kwa sekunde 4.17 za saa ya ukutani. Kosa ni moja, limejitokeza mahali pawili.

Dawa yake ni fupi. Badala ya 434 weka 104, na kihesabio kiende kutoka 0 mpaka 103, maana wengi hukifikisha 104 na kupata mapigo 105 bila ya kukusudia. Na kihesabio cha sekunde kiwe cha mapigo 12,000,000. Ukigawa 12,000,000 kwa 104 unapata 115,385, si 115,200 kamili, na utaniuliza kama tofauti hiyo haina madhara. Haina. Mpokeaji huchungulia katikati ya biti, na kuchungulia kwake kwa mwisho, pale kwenye biti ya kumalizia, ni baada ya biti tisa na nusu tangu mstari uliposhuka. Ilimradi hadi hapo hamjaachana kwa nusu biti, atasoma sawa, ambayo ni kama asilimia 5 kwa makosa ya pande zote mbili yakijumlishwa. Wewe umeachana naye kwa asilimia 0.16.

Kabla ya kubadilisha chochote, ningependa ufanye jaribio moja, ili usiniamini kwa heshima tu. Iache saketi yako kama ilivyo, na 434 yake, kisha uipange programu ya mawasiliano kwenye kompyuta isome kwa kasi ya biti 27,650. Kasi hiyo haimo katika orodha ya kawaida, lakini inaweza kuandikwa kwa mkono katika programu nyingi, na kigeuzi cha USB kilichomo kwenye bodi yako, cha kampuni ya FTDI, kinaiweza, kwa sababu kinaweza kutengeneza kasi zake kwa kugawa 3,000,000 kwa namba zenye sehemu za nane, na 108.5 ni mojawapo. Utaiona A yako imekaa mbele yako. Ukiiona, basi vile vile utakuwa umethibitisha kwamba kigeuzi ulichokituhumu ni kizima, kimekuwa kikipeleka kwa uaminifu kile kile ulichokipa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha swali lako, ijapokuwa hukuliuliza: kwa nini Icarus Verilog ilisema kila kitu ni sawa? Rudi ulitazame faili lako la majaribio. Naamini utakuta mahali ambapo saa inageuzwa kila nanosekunde 10, yaani duru moja ni nanosekunde 20, yaani megahezi 50. Programu ya kuiga haikuiona bodi yako. Haijui kwamba juu yake kuna kijisanduku cha saa cha megahezi 12. Umeiambia saa ni ya megahezi 50, nayo ikaamini, ikakufanyia hesabu zote bila ya kosa katika dunia ambayo saa ni ya megahezi 50. Faili lile lilikuja pamoja na saketi, limeandikwa na mtu yule yule, kwa bodi ile ile ya mwanzo. Ni shahidi aliyefundishwa maneno na mshitakiwa. Bila shaka wataafikiana.

Ndiyo maana nasema programu ya laki moja na nusu isingekusaidia, na hata ile ile ikiwa na leseni halali ya mamilioni isingekusaidia. Zana ya kubuni chipu haijui lolote kuhusu kilichopo nje ya kuta za chipu, isipokuwa kile ulichoiandikia. Kasi ya saa, pini ipi imeunganishwa na nini, volti ngapi, nani atakayesoma na kwa muda gani: yote hayo unayatoa kwenye karatasi za bodi kwa macho yako na kuyaandika kwa mkono wako. Tangu leo, namba hizo zitoe katika mchoro wa bodi na si katika saketi unayoipima, na ndani ya Verilog usiandike 434 wala 104 bali andika mgawo wenyewe, kasi ya saa kugawa kwa kasi ya biti, ili atakayehamia bodi nyingine abadilishe mahali pamoja tu.

Kuna namba nyingine itakayokuja kukuchanganya. Programu ya nextpnr, baada ya kupanga saketi yako ndani ya chipu, hukuandikia kasi ya juu kabisa ya saa, labda megahezi 100 na zaidi. Wanafunzi wangu kadhaa wameisoma kana kwamba bodi sasa inakwenda kwa kasi hiyo. Maana yake ni kwamba njia ndefu kuliko zote ndani ya saketi yako ingeivumilia saa ya kasi hiyo. Saa yenyewe inabaki ile ile iliyobandikwa, mpaka uitumie saketi ya PLL iliyomo ndani ya chipu kuipandisha.

Tuje kwenye mlango wa pini tisa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mlango ule unafuata kanuni ya RS-232, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1960. Unasema lugha ya biti ile ile, lakini kwa sauti nyingine kabisa: moja ni volti hasi, kati ya hasi 3 na hasi 15, na sifuri ni volti chanya, kati ya 3 na 15. Chipu yako ya iCE40 hairuhusiwi kupokea zaidi ya volti 3.6 kwenye pini yoyote, wala chini ya hasi 0.5. Zaidi ya hapo, mstari wa kutuma wa mlango ule, ambao ni pini namba 3, ukiwa kimya hukaa kwenye upande hasi. Ikiwa huo ndio uliougusisha, hukutuma herufi hata moja, na bado huenda uliibandika chipu kwenye volti hasi kadhaa kwa muda wote waya ulipogusa. Na lau isingeumia, bado usingesoma kitu, kwa sababu viwango vimegeuzwa juu chini. Anayetaka kuunganisha milango ya aina hii na bodi ya volti 3.3 huweka kati yao chipu ya kubadilisha viwango kama MAX3232, na huunganisha pia waya wa ardhi wa pande zote mbili, maana volti ni tofauti kati ya nukta mbili na bila ya ardhi ya pamoja hakuna cha kupima.

Umeiua bodi? Huenda hukuiua. Katika kila pini ya chipu kuna vidiodi vya kinga ambavyo hupitisha mkondo volti inapotoka nje ya mipaka, na saketi nyingi za RS-232 zina ukomo wa mkondo unaokaribia miliampia 10, kwa hiyo sekunde chache mara nyingi hupita salama. Ushahidi ulionao ni mwema: bodi bado inatuma x, na tumeona kwamba x ni kazi sahihi ya chipu nzima. Kilichobaki ni ile pini uliyoigusa. Andika saketi ndogo inayowasha taa ya bodi pini hiyo inapokuwa juu na kuizima inapokuwa chini, kisha iguse kwa waya kwenye volti 3.3 ya bodi yenyewe na halafu kwenye ardhi, ukipitia rizista ya kiloomu 1 ili usije ukakosea tena. Taa ikifuata, pini ni nzima. Isipofuata, iandike pembeni kwamba imekufa na utumie nyingine. Kufa kwa pini moja si kufa kwa chipu. Lakini ukiigusa chipu kwa kidole baada ya dakika mbili tatu ukaikuta ina moto usiovumilika, ichomoe na usiirudishe kwenye kompyuta yako, kwa sababu hapo hatari si ya bodi tena bali ya mlango wa USB.

Nikuulize na mimi swali moja. Kompyuta ile ya baba mdogo, ukiligusa kasha lake la chuma kwa upande wa nyuma wa mkono, inakutekenya? Nauliza kwa sababu nyumba nyingi zetu zina soketi zenye tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna vichujio vinavyotegemea waya wa ardhi. Ukikosekana, kasha zima huelea kwenye volti kubwa, karibu na nusu ya zile 230 za ukutani, ingawa kwa mkondo mdogo. Mkondo huo haukuui, lakini ukiunganisha kompyuta ya namna hiyo na bodi ambayo kwa upande wa pili imeshikana na kifaa kingine, tofauti yote ya volti hutafuta njia kupitia waya wako mwembamba. Miaka ya nyuma nilipoteza bodi mbili kwa asubuhi moja katika ofisi moja ya Mjini kwa sababu hiyo hiyo, na ya pili niliiunguza kwa sababu nilikataa kuamini kilichoiua ya kwanza. Ikiwa kasha linatekenya, usiendelee na majaribio kwenye soketi hiyo. Hapo panataka fundi umeme mwenye kipimo cha ardhi aje nyumbani, si maandishi yangu. Kwa sasa fanya kazi kwa kompyuta mpakato iliyochomolewa chaja, ikitumia betri peke yake.

Kuhusu programu huria kuwa za kuchezea, rafiki yako amerithi maneno ya zamani. Programu ya SPICE, ambayo ndiyo mama wa karibu programu zote za kuiga saketi za analogi, ilitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1973 na ikatolewa bure, na makampuni yakajenga juu yake. Kwa chipu yako hasa, mradi wa IceStorm wa mwaka 2015, ulioongozwa na Claire Wolf, ulichambua biti kwa biti faili linaloipanga chipu ya iCE40, na siku hizi Yosys hufanya usanisi, yaani kuigeuza Verilog kuwa milango ya mantiki, nextpnr huipanga milango hiyo mahali pake ndani ya chipu na kuiunganisha, na zana za IceStorm huliandika faili na kulipakia. Zote zinaenda kwenye kompyuta ya kumbukumbu ya gigabaiti 4. Linganisha na programu za bure za makampuni makubwa ya FPGA, yaani chipu za kupangwa na mtumiaji kama hiyo yako, ambazo ni makumi ya gigabaiti kuzipakua, na ambazo, hili ndilo muhimu, hutengeneza mafaili ya chipu za kampuni hizo tu. Ikiwa diski ya Darajani ni ya kampuni nyingine ya FPGA, haitaigusa bodi yako, ambayo ni ya kampuni ya Lattice. Na ikiwa ni moja ya zile za kubuni chipu zenyewe, za Synopsys, Cadence au Siemens, basi bila ya mafaili ya kiwanda yanayoeleza transista zake ni kama jahazi lisilo na bahari. Sijataja bado kwamba ni mali ya wizi, na kwamba programu zilizovunjwa kufuli mara nyingi hukutaka uizime kinga ya virusi kabla ya kuzisimika, jambo ambalo muuzaji atakueleza kwa tabasamu.

Uadilifu unanitaka niseme pia upande wa pili. Programu za kulipia si utapeli. Anayebuni chipu yenye mabilioni ya transista kwa teknolojia za karibuni hana budi kuzitumia, kwa sababu viwanda vimezithibitisha, na kwa sababu ukaguzi wake wa muda na wa umbo una uzito ambao zana huria hazijaufikia. Makampuni hayo yana mipango ya vyuo, na mlango huo hupita kwenye idara yako, kwa barua, si Darajani. Ila kwa saketi inayotuma herufi A, katika chipu yenye seli 1,280 za mantiki, ni kukodi meli ya mizigo ili uvuke kutoka Wete kwenda Fundo.

Umeuliza kama inawezekana kubuni chipu ukiwa Pemba. Unachokifanya sasa ni kuipanga chipu iliyokwisha kutengenezwa, na huo ndio mwanzo sahihi, kwa sababu Verilog ni ile ile na makosa ni yale yale, ila kosa kwenye FPGA ni la dakika tano na kosa kwenye silikoni ni la miezi. Hatua ya kwenda kwenye silikoni imekuwa fupi kuliko zamani zangu: mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walichapisha hadharani mafaili ya teknolojia ya nanomita 130, na taasisi ya IHP ya Ujerumani nayo imefungua ya kwake. Kwa mafaili hayo, zana za OpenROAD hukufikisha kwenye mchoro kamili wa chipu kwa kompyuta ya nyumbani, na mradi wa Tiny Tapeout, ulioanza mwaka 2022, hukusanya saketi ndogo za watu wengi kwenye chipu moja ili gharama igawanywe. Usidhani njia hiyo haina mawimbi. Mwaka 2025 kampuni ya Efabless, iliyokuwa ikipokea kazi hizo kwenda kiwandani, ilifunga milango, na chipu za watu wengi zikacheleweshwa. Si bure, na kabla hujamwomba kaka yako fedha, nataka kwanza uweze kupokea herufi na si kutuma tu.

Maana kupokea ndiko kwenye mtego. Unapotuma, kila badiliko la mstari hutokea kwa saa yako mwenyewe. Unapopokea, mstari hubadilika wakati wowote, hata katika nukta ile ile ambayo flipuflopu yako, yaani kijisaketi kinachohifadhi biti moja, inachungulia, na hapo flipuflopu inaweza kuning'inia kati ya sifuri na moja kwa muda usiotabirika kabla ya kuangukia upande mmoja. Thomas Chaney na Charles Molnar walilionyesha jambo hili kwa vipimo mwaka 1973, wakati ambapo wahandisi wengi walikuwa hawaliamini. Likiachwa, sehemu moja ya saketi itaona sifuri na nyingine moja, na herufi itaharibika mara moja kwa maelfu, bila ya mpangilio. Hiyo ndiyo takataka ya kweli niliyoitaja mwanzo. Icarus haitakuonyesha, kwa sababu katika kuiga kwa kawaida hakuna kuning'inia. Pitisha mstari unaoingia kwenye flipuflopu mbili zinazofuatana kabla ya kuutumia popote. Ya kwanza ikiyumba, ina duru nzima ya saa ya kutulia kabla ya ya pili kuitazama. Hugharimu seli mbili kati ya 1,280.

Jambo dogo la mwisho, ikiwa unatumia Windows. Kigeuzi cha FT2232H kina njia mbili, ya kwanza ya kupakia faili kwenye bodi na ya pili ya kupitishia herufi zako. Zana za IceStorm zinataka draiva ya njia ya kwanza ibadilishwe. Ukiibadilisha na ya pili, mlango wa mawasiliano utatoweka kwenye orodha na utadhani bodi imekufa tena. Ibadilishe ya kwanza peke yake.

Anza na jaribio la 27,650, kisha weka 104. Ikiwa baada ya hapo bado unaiona x, basi nimekosea mahali, na usijaribu kubahatisha: nenda na bodi kwenye maabara ya chuo utakaporudi Unguja, uombe osiloskopu, kile kifaa kinachochora volti kwenye kioo, kwa robo saa, uupime upana wa ile biti ya kuanzia, na uniandikie ni mikrosekunde ngapi.